Nilisema Stima Ndiyo Imekula Disk

Nimewahi kumfuta mtu aliyekufa.

Sauti yake. Miaka minne ya kuongea kwake, nikaifuta Alhamisi mchana huku nikinywa soda na kusikiliza mpira kwenye redio.

Na hiyo bado si sehemu mbaya. Sehemu mbaya ni kile nilichosema kesho yake.

Naitwa Mutembei. Ni fundi wa kompyuta hapa Isiolo mjini. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la miraa, ukuta mmoja na Lochoro, Mturkana anayetengeneza simu na redio. Miaka tisa niko kwa hii kazi, na watu wananiita fundi kwa heshima. Nilikuwa nimeshaanza kuamini hiyo heshima.

Mwaka jana, mvua za Novemba zilipoanza, stima ilitusumbua vibaya. Inapotea, inarudi, inapotea tena kabla hujamaliza kushukuru. Watu wa mtaa wa Kiwanjani ndio waliumia zaidi. Mezani kwangu kulikuwa na mashine kumi na kitu, na kila mwenye mashine alikuja na wimbo ule ule.

"Fundi, stima ilipotea, iliporudi ikakataa kuwaka."

Alhamisi hiyo akaingia mama mmoja Mborana, mrefu, mwembamba. CPU alikuwa ameifunga kwa leso na kuibeba mgongoni kama mtoto.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu."

Akafungua fundo polepole, akaiweka mbele yangu.

"Hii ni ya Abba Galgalo. Mzee yangu. Iko na vitu yake ndani. Iangalie polepole."

"Usijali mama. Njoo kesho."

Akasimama kidogo, kama mtu aliyebakisha neno. Halafu akaona nimeshageukia mashine nyingine. Akaenda.

Hebu rudi usome alichosema. Iko na vitu yake ndani. Iangalie polepole.

Niliambiwa. Hakuna siku nitasema sikuambiwa.

Nikaiwasha. Feni ikazunguka vizuri, skrini ikawa nyeusi, na maandishi meupe yakatokea kusema mashine haioni disk ya kuanzia. Nilipoingia kwenye mipangilio nikaona saa yake inasema ni Januari, tena Januari ya zamani, nikiwa bado shule ya msingi.

Fundi anayejali kazi yake angesimama hapo. Mashine iliyosahau tarehe inakuambia kitu.

Mimi niliona foleni tu. Nikabadilisha kitu hapa na pale ili flash yangu ikubali, nikaifomati disk ikawa tupu, nikapiga Windows upya. Ikawaka. Nikaisukuma kando, nikavuta nyingine.

Dakika arobaini hivi. Soda ilikuwa haijaisha.

*

Ijumaa asubuhi mama akarudi. Amevaa vizuri, mikono ina hina mpya.

"Imepona?"

"Imepona mama. Inawaka kama mpya."

Akatabasamu. Jino moja la mbele hana, na lile pengo lilimfanya aonekane kama msichana.

"Alhamdulillahi. Leo Ijumaa. Watu watakuja nyumbani."

"Watu wa nini, mama?"

"Kusikia mzee."

Nikacheka kidogo, nikidhani sijaelewa Kiswahili chake. Akanieleza.

Mume wake, huyo Abba Galgalo, yaani baba yake Galgalo, aliitwa Wario. Alikuwa afisa wa mifugo, akazunguka hii kaunti yote kwa miguu na kwa pikipiki mpaka akastaafu. Baada ya kustaafu akanunua kompyuta na maikrofoni, akawa anakaa sebuleni kila asubuhi anaongea peke yake kwa Kiborana. Magonjwa ya ngamia na dawa zake. Majina ya nyasi. Visima vya zamani viko wapi na nani alivichimba. Ukame gani uliua nini.

Miaka minne aliongea. Halafu akafa.

Tangu afe, kila Ijumaa baada ya swala, familia na majirani wanakaa sebuleni, mama anawasha kompyuta, wanamsikiliza.

"Kuna kijana alikuja kutoka Merti," akasema, "ngamia yake inaumwa. Akasikia mzee, akaenda akatibu, ikapona. Mzee ako kaburini na bado anatibu."

Halafu akauliza.

"Sauti iko?"

Nikaiwasha mashine mbele yake, nikafungua kila mahali, na nilikuwa najua nitakachokuta. Ilikuwa tupu kama nyumba ambayo mtu amehama.

Hapo ndipo ningesema. Mama, nimefuta. Sikukuuliza, nimefuta.

Maneno manne matano tu.

"Mama," nikasema, "stima ndiyo imekula disk."

Akanyamaza.

Kimya chake ndicho kiliniponza. Ukidanganya mtu na mtu akanyamaza, unasikia ni kama uongo haujatosha, unaongeza.

"Kuna mtu aliiwasha wakati stima inachezacheza. Ikapigwa. Hapo hakuna fundi angeokoa."

Hakuna aliyeniuliza kama kuna mtu aliwasha. Nilitoa tu hewani, vile mafundi tunavyoongea ili mteja aone tunajua.

"Kuna mtu aliwasha," akarudia.

"Eeh, mama."

"Namjua."

Akaikusanya ile leso. Safari hii hakuibeba CPU mgongoni. Aliishika kwa mkono mmoja, vile mtu anabeba mtungi usio na kitu.

Nilikataa malipo yake. Akaniombea dua kwa hiyo.

*

Februari akarudi. CPU ile ile, leso ile ile.

"Imerudia. Stima ilipotea jana, saa hii haiwaki."

Nikataka kujua anaitumia kwa kazi gani sasa. Nilipomuuliza akaangalia chini.

"Ijumaa naiwasha tu. Nakaa hapo. Labda itarudi."

Nikamwambia aje Jumatatu.

Nikaiweka mezani. Skrini nyeusi, maandishi meupe, haioni disk. Nilikuwa bado naitazama Lochoro alipoingia kuazima waya. Akainama juu ya bega langu.

"Hiyo tarehe ni ya lini?"

"Imepotea tu."

"Imepotea aje, msee? Hiyo ni batri. Umeangalia batri?"

Kama hujui, ndani ya kompyuta kuna kabatri kadogo ka duara kama sarafu. Kazi yake ni kukumbuka. Stima ikiondoka, kenyewe ndiko kanakumbusha mashine ni siku gani na disk yake inasomwa vipi. Kakizeeka, kuna siku stima ikipotea mashine inasahau kila kitu, inaamka kama mtu aliyezimia, haijui disk iko wapi. Lakini disk iko. Ni nzima, na kila kitu kiko ndani yake.

Nikatoa kabatri kapya kwa droo. Nikakaweka, nikarudisha mipangilio, nikaiwasha. Ikawaka. Nikachomoa waya wa stima, nikahesabu mpaka mia, nikachomeka. Ikawaka. Nikarudia mara tano.

"Ile mara ya kwanza ilikuwa hivi hivi?" Lochoro akauliza.

"Hivi hivi."

"Na ulifanya nini?"

Nikarudisha kifuniko cha CPU. Akaniangalia, akachukua waya wake, akatoka.

Siku tatu nilijaribu kuirudisha ile sauti. Nilitoa disk, nikaiunga kwa mashine nyingine, nikatumia kila programu ninayoijua ya kutafuta vilivyofutwa. Lakini nilikuwa nimepiga mfumo mpya juu yake, na mashine ikatumika miezi mitatu. Nilipata vipande vya faili visivyofunguka. Kimoja kilifunguka.

Sekunde nne. Mtu anakohoa, anasogeza kiti, anavuta pumzi ya kuanza kuongea.

Basi.

Nilikisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

*

Jumatatu nilikuwa nimejipanga kusema. Wallahi nilikuwa nimejipanga, ingawa mimi si wa kuapa hivyo.

Mama akakaa kwenye stuli, akajipepea na shungi. Nikamwuliza habari ya nyumbani, ile ya kuanzia maneno.

"Nyumba imenyamaza," akasema. "Tangu Qabale aende kwao hakuna hata kilio cha mtoto."

"Qabale ni nani?"

"Bibi ya Galgalo, kijana yangu. Ameenda kwao Burat. Mwezi ya tatu sasa."

"Kwa nini aliondoka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake.

"Si wewe uliniambia? Kuna mtu aliwasha. Mimi nikienda soko kuuza maziwa, nani anabaki nyumbani? Ni yeye. Nilimwambia, umemuua mzee mara ya pili. Galgalo alisikia, akapanda lori yake akaenda Moyale. Sasa hata simu hapigi, kwangu wala kwake."



Nilikuwa nimejiambia nimemdanganya mtu mmoja kuhusu kompyuta moja. Kumbe lile neno lilitoka kibandani kwangu, likapanda Kiwanjani kwa mama, likatafuta mtu wa kumkalia. Likampata msichana aliyekuwa na mtoto mchanga.

Na unajua nilifanya nini?

Nilimpa CPU yake. Nikamwambia nimebadilisha batri, sasa iko fiti. Akashukuru, akaenda.

Niliogopa. Sina neno lingine la kupamba hapo.

Wiki hiyo sikula vizuri. Nikaanza kuwauliza wateja maswali mpaka wanakereka. Kuna nini ndani? Kuna picha? Kuna sauti ya mtu? Lochoro alinisikia upande wa pili wa ukuta kwa siku kadhaa, mwishowe akaja akasimama mlangoni.

"Hayo maswali si ya hawa watu," akasema. "Unajua ni ya nani."

Nikafunga kibanda saa nne asubuhi.

*

Nyumba ya Mama Sabdio, Sabdio ndilo jina lake mwenyewe, ni ya mabati ya bluu karibu na msikiti. Sebuleni viti bado vilikuwa vimepangwa kuzunguka ukuta, vya watu kama ishirini. Katikati, mezani, ile kompyuta imefunikwa kitambaa.

Alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nikashika kikombe, nikaongea nikikitazama.

Nilimwambia yote. Kwamba disk haikuwa imekufa. Kwamba batri ilizeeka, na kwamba mtu yeyote angewasha, siku yoyote, stima ikipotea mashine ingekataa. Kwamba sauti zote zilikuwa ndani siku aliponiletea. Kwamba aliniambia niiangalie polepole na mimi nikafuta, kisha nikatafuta wa kumsingizia bila hata kumjua.

Nilipomaliza akanigeukia.

"Kwa hivyo stima haikula."

"Haikula, mama. Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi, kusema kweli. Tusi lingekuwa mahali pa kushika.

"Wewe ulinidanganya mara moja," akasema taratibu. "Mimi nilimwambia yule msichana asubuhi, nikamwambia jioni. Siku tisa. Akipika namwambia, akinyonyesha namwambia. Siku ya kumi akafunga nguo." Akaweka kikombe chini. "Ukiniambia mimi peke yangu haisaidii. Vaa viatu."

Tukachukua tuktuk mpaka Burat. Njia yote alikuwa anahesabu tasbihi.

Kwa kina Qabale wana shamba dogo la vitunguu. Tulimkuta amepiga magoti anapalilia, mtoto amelala kwenye kivuli cha mwavuli mkubwa uliochomekwa kwenye udongo. Alipomwona mama mkwe wake alisimama, akajifunga shungi vizuri, akasalimu bila kuinua macho.

Msichana mdogo tu. Miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nilikuwa nimemjenga kichwani kama mtu mkubwa, sijui kwa nini.

"Qabale," Mama Sabdio akasema, "huyu fundi iko na maneno yako."

Nikaongea mara ya pili siku hiyo. Ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Nilimwambia, dada, wewe hukuharibu chochote. Ni mimi niliyefuta, na nikasema uongo, na ukaubeba wewe.

Nilidhani atalia, au atatulaani, au atashukuru Mungu. Akasimama tu na jembe dogo mkononi, akikunja uso kama mtu anayepiga hesabu isiyotoka.

"Lakini mimi niliwasha," akasema.

Mama Sabdio akainua kichwa.

"Ni kweli niliwasha," Qabale akaendelea. "Ukienda soko nilikuwa nawasha. Si siku moja, siku nyingi. Mtoto akilia nilikuwa namwekea babu yake, ananyamaza. Nilitaka amjue. Na siku ile stima ilipotea, kompyuta ilikuwa inawaka. Niliona ikizima na macho yangu. Iliporudi nikajaribu, ikakataa."

Akaliweka jembe chini.

"Mama aliposema nimeua mzee, nilijua ni kweli. Miezi mitatu najua ni kweli."

Nataka mnielewe hapo. Nilikuwa nimeenda Burat kumwondolea mtu lawama ya uongo. Kumbe yeye hakuwa anangoja kusafishwa. Alikuwa ameshajihukumu. Neno nililolitupa hewani lilikuwa limeanguka sawasawa juu ya siri yake ndogo, na akaamini yeye ndiye.

Nikamweleza tena habari ya batri, polepole, kama ninavyowaeleza nyinyi. Nikamwambia hata kama asingeigusa, ingekataa. Nikamwambia hata baada ya kukataa, mzee alikuwa bado mzima ndani. Nikarudia mara tatu mpaka akaanza kuitikia kwa kichwa.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitarajia.

Aliingia nyumbani kwao, akatoka na redio ndogo ya mkononi, ile ya kuchomeka memori kadi, imefungwa na raba kwa sababu kifuniko cha nyuma hakipo.

"Nilihamisha zingine hapa," akasema akimwangalia mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. "Ili nisiwashe kompyuta sana. Ziko kumi na moja. Nilitaka kukupa. Lakini ningetoa hii, ungesema, kumbe ni kweli ulikuwa unagusa."

Akabonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Halafu mwanamume akaanza kuongea, sauti nzito, haina haraka. Sijui Kiborana cha kufuata mazungumzo, ila nilisikia neno la ngamia likirudi mara kwa mara. Mama Sabdio akakaa chini hapo hapo kwenye tuta la vitunguu. Mtoto chini ya mwavuli akafungua macho, wala hakulia.

Tulisikiliza dakika kadhaa. Katikati ya maelezo, mzee akanyamaza, akageuka mbali na maikrofoni, akaita.

"Sabdio."

Na Mama Sabdio, na shungi limemfunika uso, akaitika kabla hajajua ameitika.

Qabale akazima redio. Akaenda akakaa karibu naye. Mimi nikaenda nikasimama kando ya mfereji, nikawapa mgongo, kwa sababu kuna vitu si vya kutazama.

*

Sitawadanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Nimeshadanganya vya kutosha.

Mzee Wario alikuwa amerekodi zaidi ya mara mia mbili. Zimebaki kumi na moja. Visima vingi alivyovitaja, hakuna mwingine anayejua viko wapi. Hiyo ni kazi ya mikono yangu na itabaki hivyo.

Qabale hakurudi Kiwanjani siku ile. Alimwambia mama mkwe wake, kwa heshima, kwamba siku tisa zile bado ziko masikioni. Mama Sabdio hakumlazimisha. Alikuwa akienda Burat kila Jumanne na chupa ya maziwa, anakaa, anapalilia naye, anarudi. Galgalo naye nilimpigia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Aprili akaenda kwa wakwe zake na wazee wawili, wakaongea, ndipo mke wake akarudi nyumbani.

Zile kumi na moja nimezinakili mahali pengi. Ijumaa viti vinajaa tena, ingawa sasa wanarudia yale yale. Nilialikwa mara moja. Nilikaa karibu na mlango. Qabale alinipa chai, akanisalimia vizuri, hakutabasamu. Sikumlaumu.

Mafundi wenzangu, mashine ikikataa kuwaka baada ya stima kupotea, angalia saa yake kwanza, badilisha batri, na usiguse disk ya mtu kabla hujamuuliza kuna nini ndani. Hayo ni ya ufundi na mtu yeyote atakufundisha.

Hili lingine nilifundishwa na vitunguu vya Burat. Ukiharibu, sema umeharibu. Kama hujui, sema hujui, hakuna aliyewahi kufa kwa kusema sijui. Lakini usitoe mdomoni sababu ya uongo ili uonekane mjanja, kwa maana utaisahau kabla ya chakula cha mchana, na mahali fulani kuna mtu asiyekujua ambaye ataibeba, aiamini, na alale nayo.

Mimi wangu alikuwa na mtoto mchanga.